Maili Kumi na Tatu

Geti la kwanza lafungwa kwa mnyororo na adabu:
ulivyolikuta, liache. Ng'ombe watutazama
kama makarani wa ofisi iliyokwisha kufungwa.

Odalys ametangulia. Goti lake jipya, la chuma,
halijui bado kwamba mlima una wenyewe.
"Usiguse yale majani matatu," asema,
"yatakuwasha mpaka Jumapili."

Juu mgongoni upepo watuvua kofia.
Upande huu nyasi kavu, rangi ya mkate;
upande ule msitu, na ukungu wa ghuba
ukipanda polepole, bila viatu.

Maili ya tisa tukaliona gari letu
pale chini, dogo kama punje ya mtama.
Hapo ndipo njia ikatupa kisogo,
ikaingia mialoni, ikashuka bondeni,
ikapanda tena,
makusudi.

Nilitukana. Odalys akakaa juu ya gogo,
akamenya chungwa, akanipa nusu kubwa.
"Daktari aliniambia nitembee," akasema.
"Hakusema mpaka wapi."

Tulifika giza likiingia. Geti lilelile.
Nikalifunga, nikaenda hatua kumi,
nikarudi kulitikisa.