Kikao Kinaendelea

Valadares alipofunga duka lake pale Kamalondo,
mwaka ule maduka ya wageni yalipogawiwa,
alimwachia baba yangu vitu vitatu:
mizani iliyodanganya kwa gramu ishirini,
madeni ya chumvi ya wake wa wachimbaji,
na daftari jeusi lililofungwa kwa kamba ya kiatu.
"Unitunzie, Mulongoy."
Treni ikaenda. Hakuandika hata barua.

Baba hakujua Kireno.
Alijua bei ya makayabo na matusi manne.
Lakini tatu kwa moja ni tatu kwa moja hata mbele ya Mungu,
basi usiku, koroboi ikimtia masizi puani,
akafuata mistari kwa kidole, miaka miwili,
mpaka klabu ya Vale Fundo ikaanza kumjibu.

Elfu moja mia tisa ishirini na moja:
wanaume kumi na mmoja katika karakana ya mapipa,
na wa kumi na mbili, kiwete, mtunza nguo.
Kiwanja chao kilikuwa mteremko;
kipindi kimoja unapanda, kimoja unashuka,
na chini kabisa mto, umekinga mikono.
Ukurasa wa tisa: mipira miwili, mmoja umezama.
Ukurasa wa arobaini wamepanda daraja,
na hapo pana doa la divai, duara kamili.
"Kombe lao ndilo hili," baba alisema,
akalizungushia kidole bila kuligusa.

Ukurasa wa sabini na moja
jina la kipa, Artur, limekatwa kwa mstari,
na pembeni neno moja: *mina*.
Mjini kwetu neno hilo halitaki mkalimani.
Baba alifunga daftari, akatoka nje,
akautazama mlima mweusi wa takataka za shaba
kana kwamba Artur amelala humo.

Halafu sitini na sita. Wameketi watu wanane.
Ada haijalipwa. Sahihi tano, moja inatetemeka.
Na baada ya hapo, karatasi nyeupe,
kurasa sitini, hazina hata nukta.

Hilo ndilo lililomuudhi.
"Karatasi ni ghali," alisema,
akachovya jezi kumi na moja katika rangi ya kijani,
katika sufuria ya bukari (mama alinuna mwezi mzima),
akawaita vijana wa Katuba kwenye uwanja wa vumbi,
na Jumapili jioni, chini ya zile sahihi tano,
akaandika kwa Kiswahili: *Kikao kinaendelea.*

*Tumefungwa nne. Refa ni shemeji yao.*
*Winga hakuja, yuko shifti ya usiku.*
*Tumeshinda! Mpira umepasuka, umeshonwa na Mama Kapya.*
*Tisini na moja: hakuna mechi. Mji umeporwa.
Miti ya goli imekuwa kuni.*
*Tisini na mbili: mabeki wetu wawili wako stesheni
na magodoro yao, wameambiwa si wa hapa.
Tumecheza watu tisa. Hatukuweka wengine.*

Siku hiyo aliandika matokeo kisha akayafuta.
Ukiinamisha karatasi kwenye jua bado unayaona.

Sasa daftari liko kwangu.
Baa ya kona imejaa jezi za klabu kubwa za Lizboni,
nyekundu, kijani, namba mgongoni,
na vijana wananiuliza: "Yenu ilitwaa ubingwa lini?"
Nawaambia tupo tangu ishirini na moja.
Nawaambia habari za mto, za doa, za Artur.
Wanacheka, wananinunulia bia, wanageukia televisheni.

Baba tulimzika Juni, kwenye baridi.
Nilichukua kalamu nimpigie mstari kama kipa yule,
mkono ukakataa.
Nikaandika tu: *Katibu hakufika. Sababu inajulikana.*

Zimebaki kurasa nne.
Jumapili tunacheza na wa Ruashi,
na mimi siku hizi naandika herufi ndogo,
ndogo sana.