Mpanda Ndio Walioita Kwanza

Mkutano wa bei ya asali. Saa tatu kasoro.
Niko chumba cha mitambo, Tabora, nyuma ya stesheni,
feni inalia, chai imeshika utando,
na orodha ya watakaojiunga sina.
Hakuna aliye nayo.

Mpanda wakaita kwanza.
Nikawapitisha Sikonge, njia fupi,
uzi mwembamba katikati ya miombo,
nikajiona mjanja.

Kisha Urambo. Haya, nikavuta tawi.
Kisha Kaliua, na hapo moyo ukanishuka:
ningejua, ningeifuata reli,
uzi mmoja, Urambo, Kaliua, ukate kona, Mpanda,
sauti ya mwenyekiti isafiri mara moja tu,
igawanyike njia inapogawanyika, si kabla.
Majuto ni mjukuu, husema watu.
Yangu yalizaliwa dakika ya nne.

Lakini Mpanda wamekwisha kuanza.
Bi Kasogela anahesabu ndoo zake;
nani amkate akiwa kwenye ya sita?
Kilichopitishwa kimepitishwa.

Nikashika sheria yangu:
ajaye, mfunge kwenye tawi lililo karibu naye,
usimrudishe hadi shinani.
Na nyingine, ya uchoyo: uzi ukianza kujaa
uuze ghali, ukizidi kujaa, mara mbili,
mara mbili ya mara mbili,
hadi anayetaka kutazama mpira tu
aone afadhali angoje usiku.

Usoke wakaingia. Usinge.
Mtu mmoja wa Ulyankulu asiyejua kuzima redio.

Jioni Mihayo akaja na kalamu nyekundu.
"Kalunde, ona, ungepita hapa."
Nikaona. Mstari mzuri.
Ramani ya jioni haikosei;
asubuhi haikuulizwa kitu.
Nikamwambia, nipe wageni thelathini na wawili,
waje kwa zamu waitakayo, hata ya kunikomoa,
gharama yangu haitazidi mara tano ya mstari wako.
Wakiwa sitini na wanne, mara sita.
"Mara tano ni nyingi," akasema.
Ni nyingi.

Ila yeye hakuwepo saa tano kasoro,
mkutano unakaribia kufungwa,
alipoita kijana wa Ipole, mizinga arobaini,
"Dada, hata huku mnafika?"
na uzi wa kosa langu
ulikuwa tangu asubuhi unapita mlangoni pake.
Sikumvutia hata pima moja.