Sijili Nambari Arobaini na Moja

Ninaishi Haret al-Tut, ubavuni mwa Beirut,
orofa ya tano; lifti ilitangulia kufa, mume wangu akafuata.
Miaka thelathini na miwili nalipia taka za mtaa huu,
harufu yake naijua kwa siku, ya Jumanne si ya Ijumaa,
na meya simjui. Sikumchagua. Siruhusiwi.

Sheria inasema mtu apige kura alikozikwa babu yake.
Haisemi hivyo hasa. Inasema sijili, inasema asili,
ila ukiifuata herufi kwa herufi
utajikuta makaburini.
Na kwa kuwa ni mwanamke, hata babu si wangu:
nilipoolewa, karani alinifuta Kfar Nahla kwa rula,
mstari mmoja tu, umenyooka,
akaniandika Ain Zaytra chini ya mama mkwe.
Maishani mwangu nimelala Ain Zaytra usiku tisa.

Hapa tupo watu elfu sitini. Vita vilitutoa kusini na bondeni,
tukazaa, tukaziba mashimo ya risasi kwa saruji yetu.
Wapiga kura ni elfu mbili na mia tatu,
wenye mtaa, wa dhehebu lile jingine,
na wengi wao wamehamia mlimani kwenye upepo;
hushuka mara moja kila miaka sita
kuchagua nani atusahau.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Sisi jembe tulipewa, na mwiko, na sepetu.

Siwachukii. Madam Marsel, mwenye kengele ya shaba,
aliniambia mlangoni, nami na ndoo mkononi:
"Mkipewa kura, Wadad, wageni tutakuwa sisi."
Nikamuuliza, "Na sasa ni nani?"
Akanichumia malimau mawili. Tukaagana.

Siku ya uchaguzi basi huja alfajiri, limeshalipiwa.
Ghasub, binamu wa mgombea, hutugawia orodha zilizochapwa,
kila nyumba na yake:
katika yangu, jina la nne limetangulia la tatu.
Hiyo ndiyo siri ya kura.
Jioni zikisomwa kwa sauti yeye hutega sikio,
la nne likitangulia, huweka alama: Wadad katimiza.
Yumna alipokosa kitanda hospitalini
simu ilipigwa na mtu aliyesikia mpangilio ule.
Usiniambie kura haina thamani. Mimi najua bei.

Mwaka huu Yumna naye katimiza ishirini na moja.
Alizaliwa hapa, juu ya duka la fundi betri.
Ndani ya basi akauliza, "Mama, tunachagua nini?"
"Mfereji. Wanataka kuutengeneza mfereji wa chemchemi."
"Maji yake tutayanywa?"
Nikatazama dirishani.

Tulipomaliza, vidole gumba vya zambarau,
tulijaza galoni moja pale chemchemini,
usiku tukapanda nayo orofa tano, tukipokezana,
chini mtaro umefurika tena, na jenereta imezimwa.
Yumna akawasha jiko, akapika kahawa
kwa maji ya manispaa yetu.

Ilikuwa na ladha ya galoni.