Boya

Pijo ya baba, nne-sufuri-nne, rangi ya maziwa yaliyolala,
mshale wake wa mafuta ulikaa kwenye sifuri
tangu kabla sijaota meno ya pili.
Jaza tangi mpaka limwagike: sifuri.
Nenda Himo, rudi: sifuri.
Baba hakuugombeza. Aliuita Mlalamishi,
akachomeka daftari na penseli kwenye kizuia jua,
akaandika kila lita, kila kilometa,
kwa mwandiko wa bwana shamba anayehesabu miche.

Hatukuishiwa njiani hata mara moja.

Sasa daftari ni langu, na gari, na deni la bima.
Nikaenda kwa Kaanaeli, Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga,
ambako unga hutua juu ya boneti zote
utadhani magari yameota mvi.
"Mama, geji haina kosa," akasema hata kabla hajainama.
"Huyu wa mbele ni msemaji tu.
Twende nyuma tukamwone anayemtuma."

Waya wa ardhi kwanza. Ulikuwa na kutu ya kijani,
akaukwangua kwa kisu mpaka ukang'aa;
mshale ukashtuka, ukanyanyuka unywele mmoja,
ukalala tena.
Basi akafungua kifuniko cha tangi, skrubu sita,
ya sita ikakataa, ikatiwa mafuta ya taa,
tukanywa chai tukiingoja.
Akachomoa mkono mwembamba wa waya
na mwishoni mwake boya la shaba,
la mviringo, kama kikopo cha kiwi.
Akanipa. "Litikise karibu na sikio."

Chwa, chwa.

Limejaa petroli.
Tundu la sindano, akasema, wala si zaidi.
Miaka arobaini limezama chini ya tangi,
limelewa kile lililoajiriwa kupima,
kama karani wa ghala aliyelala juu ya magunia,
kila ukimwuliza anajibu: hakuna kitu, hakuna.

Rogati, mwanagenzi, akaleta sufuria ya maji ya moto
("Moto wenyewe uache hukohuko kwa mama ntilie, umesikia?"),
boya likatumbukizwa, na pale ubavuni
vikatoka viputo, kimoja, kimoja,
kisha uzi mzima wa viputo, na harufu ikapanda,
tukalijua tundu.
Wakalikamua. Wakalianika nusu siku. Wakaliziba kwa lehemu,
tone dogo kuliko punje ya ulezi.

Likaelea kwenye beseni. Nilipiga makofi, mtu mzima mimi.

Kisha kupima: lita tano, tazama; lita tano, tazama.
Rogati anamimina, mimi kwenye usukani napaza sauti:
"Robo! Bado robo! Nusu kasoro!"
na Kaanaeli anaukunja ule mkono kwa koleo, kidogo tu,
kama anayemweka mtoto kola sawa.
Mwishowe akauacha useme pungufu, lita tatu.
Nikamwambia, hapo si kweli.
"Si kweli," akakubali, akijifuta mikono kwenye suruali.
"Lakini mwongo wa kuzidisha atakulaza Kwa Sadala usiku.
Huyu wa kupunguza atakufikisha nyumbani."

Jumapili nikapanda Kibosho.
Mlimani mshale ukapaa karibu na kujaa;
niliposhuka ukaporomoka robo nzima,
petroli ileile, tangi lilelile.
Nikacheka peke yangu. Nikaendelea kushuka,
nikaupita mji, nikashika barabara ya TPC
hadi kule kwenye miwa, ardhi inapokubali kulala sawa,
nikasimama, injini ikinguruma taratibu, nikangoja
mafuta yaache kuyumba.

Kisha nikatoa penseli ya baba, nikailamba ncha.