Pishi Hasi Tatu

Swali la kumi na moja. Pishi za karafuu ni eksi.
Kurasa za majibu hazimo kitabuni:
Bimkasi alizichana akafungia njugu,
jibu langu limeshaliwa Konde nzima
kwa shilingi mia.

Eksi kipeo cha pili, toa eksi mbili,
toa kumi na tano, sawasawa na sufuri.
Naandika. Nafuta. Karatasi yatoboka.
Uani mama anapindua karafuu juu ya jamvi,
kila mara auliza, "Hujampata tu?"
kama kwamba eksi ni mbuzi aliyekata kamba.

Nimempata. Kumbe wawili:
tano,
na hasi tatu.
Namrudisha tano ndani ya swali: sufuri.
Namrudisha hasi tatu: tisa na sita,
toa kumi na tano, sufuri vilevile.
Lakini Mwalimu Faki kasema,
kwenye mtihani hasi tupa,
hakuna pishi hasi duniani.

Mama akainuka, vikonyo vimemnata nyayoni.
"Hakuna? Mwambie apite dukani kwa Shaame,
afunue lile daftari la kijani.
Tatu zangu zimo humo
tangu mikarafuu haijachanua.
Tulizila Ramadhani. Nawe ulikula."

Nikaandika yote mawili.
La pili nikalikata kwa mstari mmoja,
penseli nimeishika kwa mbali,
msahihishaji aone nimelikataa,
na mama, akija kuchungulia,
aone bado lasomeka.