Bomba Linalovuja

Januari, Masindi. Wiki ya sita bila mvua.
Nyasi za ua zimegeuka ufagio,
vumbi la barabara ya Kihande limepaka migomba unga,
nami na mguu wangu wenye plasta
tumewekwa kwenye kiti cha plastiki
kando ya bomba la nje, linalovuja.

Tone. Kimya. Tone.

Wa kwanza kufika ni nyigu,
viuno vyembamba, hawasalimii mtu.
Huchota tope punje kwa punje
wakapanda nalo chini ya paa langu
kujenga bila kibali cha manispaa.

Saa nne, jua likianza kuuma,
hushuka mjusi mwenye kichwa cha samawati.
Huinama, huinuka, huinama,
kama mtu anayekubali kila neno mkutanoni
kisha mchango hatoi.
Nimempa jina la heshima, kama tunavyopeana Bunyoro.
"Araali, umeamkaje?"
Anakubali.

Kunguru hunywa kama mwenye nyumba.
Hondohondo alikuja mara moja tu, Jumanne:
akalitazama besheni, akanitazama mimi,
akaondoka kama mkaguzi asiyeridhika.

Lakini ninayemngoja ni chozi.
Hazidi kidole changu cha gumba,
kijani cha chuma kilichosuguliwa.
Besheni halimhusu. Hung'ang'ania shingo ya bomba,
kichwa chini, miguu juu,
akalipokea tone kabla halijaanguka.
Ndege huyu na maji ya jicho
wamepewa neno moja,
na miaka yote nilidhani ni uvivu wa wazee.

Jana Byenkya alileta spana na mpira mpya.
"Shangazi, bili ya maji itakuua kabla ya huo mguu."
Alikwisha kupiga goti.
Nyigu walimzunguka masikio.
Araali, juu ya ukuta, alikubali.

Nikamwambia, kaa kwanza, unywe chai.
Akakaa. Tone. Kimya.
Chai ikapoa, ikajitandia ngozi.
Ndipo chozi akaja,
akajining'iniza palepale, hatua mbili kutoka goti la fundi,
na koo lake dogo likapanda, likashuka.

Byenkya hakusema kitu.
Aliiviringisha spana katika gazeti,
akaniuliza kama sina besheni pana zaidi.

Tumekubaliana Machi.
Mvua ikirudi.