Kilo Nne na Robo

Bamba la shaba limefika kwenye mizani yangu saa nne asubuhi,
Igogo, nyuma ya reli,
ndani ya kiroba cha pumba,
na kijana aliyelileta anauliza bei kabla ya salamu.

Nalijua. Nalijua kama ninavyoujua mgongo wa baba.

Lilikaa juu ya mlango wa daraja la kwanza
kwenye meli iliyobeba pamba, ng'ombe, barua na wagonjwa,
Bukoba, Ukerewe, Musoma, na kurudi.
Jina la meli, jina la mtu:
Jenerali Lodi Harcombe.
Ndimi zetu zikamtafuna, akabaki Hakombe.

Kila Ijumaa baba, Nkwabi mwana wa Lushinge,
alipanda kiti na kopo la Braso,
akamsugua Mwingereza asiyemjua
mpaka akajiona ndani ya jina lake.

Nahodha Elikana ndiye aliyemsimulia:
kazaliwa nyumba ya madirisha mia na kumi
(wa kuyafuta walikuwa wangapi? Baba aliuliza hilo tu).
Ana miaka kumi na sita, babaye kamnunulia uafisa
kama mtu anavyonunua ndama mnadani.
Kaenda vitani na farasi watatu,
karudi na mmoja, na mkono mmoja.
Kisha Baraza la Malodi: kiti cha ngozi, kiti cha urithi,
hakuomba kura hata kwa jirani.
Kawa Waziri wa Vita. Akasaini karatasi
kwa mkono uliobaki,
na watu asiowaona wakahama, wakavuka, wakafa.
Mwenyewe kafia kitandani, mbwa wake miguuni.
Ziwa hili hakuliona.
Karani fulani, mahali fulani, alitaka jina la meli
kabla ya chakula cha mchana.

Mdogo wangu alizaliwa humo, karibu na Nansio,
akapokewa na abiria mmoja, mama wa Kikerewe.
Wakampa jina la chombo.
Mwaka juzi aligombea udiwani,
akachapisha kofia, akakopa,
akashindwa kwa kura kumi na moja.
Huyo ndiye Hakombe ninayemdai.

Nageuza bamba kwenye mwanga.
Herufi za juu zipo, nene, zilichongwa kwa kina.
Ndizo baba alizojifunzia kusoma:
H, ngazi ya kipago kimoja.
Ila mstari wa chini, ule wa mshindi wa,
umelainika kama kisigino.
Mshindi wa nini? Wapi? Dhidi ya nani?
Ijumaa za miaka ishirini na mitatu
zimekula vita vizima.
Adui hakuweza. Baba aliweza,
kwa kipande cha fulana.

Kijana anagonga mizani kwa ukucha. Mama, vipi?
Kilo nne na robo.
Namlipa bei ya shaba nyekundu, ingawa hii ni ya njano,
anaondoka haraka, akidhani amenipiga.

Lori la Dar huja Alhamisi.

Jioni nampelekea baba, Nyakato.
Macho yalimwacha tangu masika ya mwaka jana.
Kidole gumba kinapanda H, kinateremka,
kinapita jina lote bila haraka,
kinafika chini, penye ulaini, kinasimama.
Leo siku gani?
Jumatano, namwambia.
Ananirudishia bamba.
Basi bado.